Mpini Hutiwa, Kishikio Huachwa: Historia ya Mti wa Uta Katika Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Uta ni chombo cha kale katika Afrika ya Mashariki, na jina lake ni la kale vile vile. Wataalamu wa isimu-linganishi wamelihesabu shina -ta miongoni mwa maneno ya Kibantu Asili, na hata leo Mkikuyu na Mkamba hulitamka neno hilo karibu sawa na Mswahili. Podo la mishale, ambalo Waswahili huliita pia ziaka, kwa Kikuyu ni thiaka. Neno la pili, upinde, limezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe kutokana na kitenzi pinda. Neno la kwanza hutaja chombo. La pili hutaja kazi yake. Fauka ya hayo, kamusi za Kiswahili zimehifadhi msamiati mwingine wa chombo hiki: upote, yaani kamba yake, wano, yaani uti wa mshale, chembe na kigumba, yaani ncha yake ya chuma.

Lakini ipo sehemu moja ya uta ambayo haikupata jina lililozoeleka kwa kiasi hicho, nayo ni ile ya katikati inayoshikwa na mkono wa mpigaji. Mfasiri anayekutana nayo katika kitabu cha kigeni hushawishika kuiita mpini, kwa kuwa jembe lina mpini, kisu kina mpini, na shoka lina mpini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa neno hilo halilingani na historia ya chombo chenyewe. Mfano unachukuliwa kutoka nchi iliyo kati ya Bungoma na Kitale, chini ya Mlima Elgon, mahali ambapo wasemaji wa lugha za Kibantu na wasemaji wa lugha za Kinailoti wamekuwa majirani kwa muda mrefu, na ambapo mti wa porini na mbao za kiwandani zimekutana katika muda wa karne moja tu.

Hoja yenyewe ni nyepesi kuelezwa. Mpini hutengenezwa mbali, kisha hutiwa katika jembe. Sehemu ya kushikia uta haikutiwa, iliachwa. Fundi alipouchonga mti, aliziondoa nyama za mti juu na chini, akaziacha za katikati. Desturi ya kuchukua kipande cha mti na kukigandisha katikati ya uta ilikuja baadaye, kwa sababu zinazoweza kuelezwa, na ina masharti yake ya kuchagua na kupima. Lugha ikiyachanganya mambo hayo mawili, itakuwa imefuta hatua moja ya historia ya ufundi.

2. Uta wa mti mmoja

Wenyeji wa pande hizo ni Wabukusu katika nyanda za Bungoma, Wasabaoti na Waogieki katika miteremko ya Elgon, Wapokoti upande wa kaskazini ya Kitale, na Wasengwer katika milima ya Cherangany. Lugha zao zimegawanyika katika makundi mawili yasiyokuwa na udugu. Mbukusu huuita mti kumusaala, kwa kiambishi chake kirefu cha ngeli. Mkalenjini huuita uta kwanget, kwa kiambishi cha mwisho ambacho ni desturi ya majina ya lugha yake. Juu ya tofauti hizo, chombo chenyewe kilikuwa cha namna moja, na ndiyo namna iliyoenea sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki: uta wa mti mmoja, usiokuwa na kiungo, mnene kidogo katikati na mwembamba kwenye ncha.

Uta wa namna hiyo hupindika karibu wote. Mpigaji anapovuta upote, mti hufanya tao moja kutoka ncha hadi ncha, na hata mahali pa mkono hupinda kidogo. Aghalabu sehemu ya kushikia haionekani kwa umbo ila kwa ukanda wa ngozi uliozungushwa ili mkono usiteleze. Mtu asiyejua kazi hii huweza kudhani kuwa fundi hakuwa na habari ya kishikio. Ukweli ni kwamba alikiwazia tangu aliposimama mbele ya mti porini, kwa sababu baada ya kukata hakukuwa na nafasi ya kuongeza kitu.

Methali husema kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kweli kwa jembe, kwa kuwa mpini mbaya hutolewa na mwingine ukatiwa. Kwa fundi wa uta haifai hata kidogo. Yeye alilazimika kuchagua, na uchaguzi wake ulikuwa na masharti. Shina lilitakiwa liwe limenyooka kwa urefu unaozidi ule wa uta. Gome lilitakiwa liende moja kwa moja bila ya kuzunguka shina, kwa kuwa gome lililosokotwa ni dalili ya nyuzi zilizosokotwa ndani. Fundo halikutakiwa karibu na ncha, wala mahali panapopindika sana. Na kama fundo halikuweza kuepukwa, fundi mwenye busara aliyapanga maumbo yake hata fundo lile likaangukia katikati, palipo na unene, ambapo mti haupindi kiasi cha kupasuka. Hivyo kishikio kilikuwa hifadhi ya kasoro za mti, na mahali pake paliamuliwa na mti kama vile palivyoamuliwa na mpigaji.

Kuhusu aina za miti, nchi hii haikuwa maskini. Mkone, ambao pengine huitwa mkole, umetumika kwa nyuta na fimbo katika sehemu nyingi kavu za Afrika ya Mashariki. Katika misitu ya juu hupatikana mti ambao wataalamu wa mimea huuita Teclea nobilis na Wakalenjini huuita kuriot. Ni mgumu, una nyuzi za karibu, nao umejulikana kwa fimbo, rungu na nyuta. Jamii ya miti iitwayo Dombeya ina sifa kama hiyo: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao ni miongoni mwa wapiga uta mashuhuri wa Tanzania, hutumia mti wa jamii hiyo. Miti hii haifanani kwa rangi wala uzito. Inafanana kwa jambo moja, kwamba nyuzi zake ni ndefu na hazikatiki upesi zinapovutwa.

Mti uliokatwa ulipunguzwa kidogo ungali mbichi, kisha ukawekwa kivulini. Hapa fundi alikwenda kinyume cha methali nyingine ijulikanayo, isemayo samaki mkunje angali mbichi. Uta ukikunjwa mbichi hubaki umekunjika, wala haurudi. Ilipasa kungoja maji yatoke polepole, na mahali pa kishikio, pakiwa pana unene kuliko pengine, ndipo palipochelewa kukauka. Basi unene ule ulioachwa katikati ndio uliopanga muda wa kazi nzima.

3. Vipimo vya mwili

Kabla ya futi na inchi kuenea, vipimo vya ufundi katika Kiswahili vilikuwa vya mwili. Wanda ni upana wa kidole. Futuri ni nafasi iliyopo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada vikinyooshwa. Shibiri ni kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, kiasi cha sentimita 23. Shibiri mbili hufanya mkono mmoja au dhiraa, na mikono minne hufanya pima, ambayo ni nafasi kati ya ncha za vidole vya mikono miwili iliyotandazwa, kiasi cha sentimita 183 kwa mtu mrefu wa kadiri.

Wasomi wengine wamezoea kuviona vipimo hivi kuwa duni kwa sababu havifanani kwa watu wote. Katika uta, kutofanana huko ndiko kunakotakiwa. Uta hupimwa kwa mwili wa mwenye kuutumia, na ukimfaa mtu mrefu humchosha mfupi. Wapiga uta wa siku hizi wana kanuni isemayo kuwa urefu wa mvuto, yaani nafasi kati ya kishikio na upote uliovutwa, hupatikana kwa kugawa pima ya mtu kwa mbili na nusu. Mtu mwenye pima ya sentimita 183 hupata mvuto wa sentimita 73, ambao ni shibiri tatu na nyanda mbili hivi. Uta unaopindika wote huhitaji urefu unaozidi kidogo mara mbili ya mvuto huo, na kipimo kizuri ni shibiri saba, kiasi cha sentimita 160.

Kishikio nacho hupimwa kwa mkono wenyewe. Urefu wake ni upana wa ngumi na ziada ya wanda moja, kiasi cha sentimita 10. Mzingo wake ni ule unaowezesha vidole kuuzunguka mti na kukaribia ufumba wa kidole gumba bila ya kuugusa. Kikiwa chembamba mno, mkono hukaza na uta huyumba. Kikiwa kinene mno, kifundo cha mkono hulegea. Mshale hupita juu ya ngumi, kwa hiyo aghalabu kishikio hakiwekwi katikati kamili bali hushushwa kidogo, ili mahali pa mshale ndipo pakaribie katikati.

Ifahamike kuwa uta wa namna hii haukuwa dhaifu kwa kukosa kishikio kilichoongezwa. Ushahidi ulio bayana unatoka mbali na Elgon, katika nyika za Tsavo, kwa Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Watu hao waliwinda tembo kwa nyuta za mti mmoja. Askari wa wanyamapori walipofanya kampeni kubwa ya kuzuia uwindaji huo katika miaka ya 1956 na 1957, nyuta zilizokamatwa zilionekana kuwa na nguvu ya ajabu: kuzivuta kulihitaji uzito unaozidi kilo 45. Hazikuwa na kipande kilichogandishwa katikati. Kama kipande hicho kingekuwa sharti la nguvu, Waata wangekuwa wa kwanza kukihitaji.

4. Kutoka msituni hadi duka la mbao

Katika mwaka wa 1895, nchi ya Wabukusu ilipokuwa ikihesabiwa bado kuwa sehemu ya Uganda, jeshi la Waingereza lililokuwamo C. W. Hobley, pamoja na askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiafrika, lilizishambulia ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe. Wabukusu walikuwa wamekwisha kupata bunduki kadhaa, na bunduki hizo zilikuwa miongoni mwa sababu za ugomvi. Baada ya kushindwa kwao Chetambe, silaha za jadi ziliondoka katika uwanja wa vita vikubwa. Mwaka 1902 mkoa huo ulihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Uta ukabaki kwa mwindaji, kwa mchungaji, na kwa mlinzi wa shamba.

Pigo la pili lilikuwa la ardhi. Trans Nzoia, ambayo mji wake ni Kitale, ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu, na mpango wa kuwapa mashamba askari waliotoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ulioanza mwaka 1919, uliongeza idadi yao. Reli ilifika Kitale katika miaka ya 1920. Misitu ya Elgon ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali katika mwaka wa 1932, na sehemu yake ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1968. Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na sababu yake, na nyingine zililinda vitu vilivyostahili kulindwa. Lakini kwa fundi wa uta matokeo yalikuwa mamoja: mti aliozoea kuuchagua ungali umesimama haukuwa wake tena wa kuchagua.

Wakati huo huo mti wa namna nyingine ulimjia kwa wingi. Mashamba ya serikali na ya watu binafsi yalipandwa misaipresi, misonobari, mikaratusi na migrivea. Kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi mwaka 1974 huko Webuye, chini ya vilima vile vile vya Chetambe, kilikula miti laini iliyopandwa kwa ajili yake hadi kilipofungwa mwaka 2009. Katika maduka ya mbao ya Kitale na Bungoma mti huuzwa kwa inchi na futi: moja kwa sita, mbili kwa nne. Hata serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, fundi wa mbao hakurudi kwenye shina lililosimama. Alitafuta ubao kwa mwenye shamba.

Badiliko hili ndilo chanzo cha kipande cha kishikio. Shina lililopasuliwa kwa shoka humpa fundi unene wowote autakao, naye huacha katikati kadiri ya haja. Ubao wa inchi moja una unene wa sentimita mbili na nusu, wala hauna zaidi. Tanzu za uta, yaani sehemu ya juu na ya chini zinazopindika, zinaweza kutoka katika ubao huo. Kishikio kigumu, kisichopinda mkononi, hakiwezi, kwa kuwa huhitaji unene wa sentimita nne au zaidi. Palipokosekana unene wa kuacha, ilibidi unene uongezwe. Hapo kitenzi kilibadilika, na kila kitu kingine kikabadilika pamoja nacho.

5. Kuchagua na kupima pande la kishikio

Pande la mti linalogandishwa katikati ya uta huchaguliwa kwa kanuni iliyo kinyume cha ile ya tanzu. Tanzu hutakiwa zipinde na kurudi. Pande hutakiwa lisipinde kabisa. Kwa sababu hiyo mti usiofaa kwa tanzu huweza kufaa sana kwa pande. Mzeituni wa Elgon, unaouzwa pengine kwa jina la loliondo, ni mzito, mgumu, na una michirizi myeusi ya kupendeza. Kipande kidogo kilichosalia katika karakana ya samani kinatosha. Lusiola ya Waluhya, ambayo Wajaluo huiita siala, ni nyepesi zaidi na huchongeka vizuri, nayo ni mti wa shambani usiokuwa na tatizo la sheria ya msitu. Msaipresi ni laini na una mafundo mengi. Mkaratusi ni mgumu, lakini hupinda na kupasuka ukikaushwa kwa haraka. Miti yenye mafuta mengi, kama mpingo, hushika gundi kwa shida, na uzuri wake huweza kumponza fundi.

Sharti la kwanza la pande ni mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi za mti ziende kwa urefu wa uta, sambamba na nyuzi za ubao. Pande lililokatwa kwa upana huonekana zuri likiwa mezani, kisha hupasuka mkononi uta uliovutwa. Sharti la pili ni ukavu. Pande na ubao viwe vimekaa mahali pamoja kwa majuma kadhaa, maana kimoja kikiwa kibichi kuliko kingine kitapungua baada ya kugandishwa na kuivuta gundi. Kitale, iliyo katika kimo cha mita 1,900 hivi, ina majira marefu ya mvua, na ubao uliosimama nje ya duka hauwezi kuaminiwa. Njia ya kujua ni kuupima uzito mara kwa mara: uzito ukiacha kupungua, mti umekwisha kutoa maji yake. Sharti la tatu ni nyuso za kuungana. Ziwe zimepigwa randa hata zikakutana bila ya mwanga kupita, wala zisingojwe siku nyingi kabla ya kutiwa gundi.

Ama vipimo, pande la kawaida huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, upana sawa na ule wa ubao mahali pa katikati, yaani sentimita nne hivi, na kimo cha sentimita mbili na nusu hadi nne. Katika urefu huo, sentimita 10 ni za ngumi. Zinazobaki hugawanywa juu na chini, na kupunguzwa kidogo kidogo mpaka pande linakwisha kwa wembamba wa karatasi juu ya ubao. Mteremko huo hautakiwi kupungua sentimita tano kila upande. Ukikatwa wima, nguvu yote ya kupinda hukusanyika mahali pamoja, na ubao huvunjika hapo hapo, au pande hubanduka.

Sababu ya kubanduka inastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi hulaumu gundi. Ugumu wa mti dhidi ya kupindwa huongezeka kwa kadiri ya upana, lakini kwa unene huongezeka kwa mraba uliozidishwa tena: unene ukizidi mara mbili, ugumu huzidi mara nane, ukizidi mara tatu, mara ishirini na saba. Tanzu yenye unene wa sentimita 1.3 na kishikio chenye sentimita nne vinatofautiana kwa kiasi hicho cha mwisho, na hata upana wa kishikio ukipunguzwa nusu ili mkono ukizungushe, bado kina ugumu wa zaidi ya mara kumi na tatu. Pande likiwa na kimo cha kutosha, ubao ulio chini yake hautikisiki, wala gundi haina kazi nzito. Likiwa fupi kwa kimo, ubao hupinda chini yake kila uta unapovutwa, na hakuna gundi inayovumilia mvutano huo siku zote. Kwa hiyo kosa huwa katika kipimo kabla ya kuwa katika gundi.

Pande lina gharama nyingine. Mahali palipo na pande hapapindi, na urefu usiopinda hauna faida kwa mvuto. Uta wa shibiri saba unaopindika wote, ukipewa kishikio kigumu chenye shibiri moja, hauna budi kurefushwa kwa shibiri moja ili tanzu zisizidiwe. Hapo uta huwa wa shibiri nane, ambazo ni mikono minne, ambayo ni pima kamili. Fundi aliyepoteza shina la mti na kupata ubao amelipa shibiri moja ya urefu. Amepata badala yake kishikio kinachotulia mkononi, na uhuru wa kubadilisha umbo lake kwa patasi na tupa bila ya hofu ya kuharibu tanzu.

Nje ya Afrika, safari hiyo imeendelea mbele zaidi. Mchezo wa uta uliporudishwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, vishikio vya chuma chepesi vilikuwa vimeanza kushika mahali pa vile vya mti, na tanzu zikawa za kufungwa kwa skrubu. Mkenya Shehzana Anwar alipopeperusha bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa michezo ya Rio de Janeiro mwaka 2016, kisha akashindana kwa uta, ulikuwa wa uzao huo wa kisasa. Katika uta wa namna hiyo kishikio ndicho kiini, na tanzu ndizo zinazotiwa. Mpangilio wa uta wa Elgon umepinduliwa kabisa.

6. Suala la istilahi

Hatua hizo tatu, yaani kishikio kilichoachwa, kishikio kilichoongezwa, na kishikio kilicho kiini, haziwezi kuelezwa na neno moja la mpini. Mpini una vitenzi vyake: hutiwa, huchomekwa, hutoka, hubadilishwa. Katika uta wa mti mmoja hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowezekana. Mwanafunzi atakayesoma habari ya mpini wa uta wa Kisabaoti au wa Kipokoti atadhani kuwa fundi alileta kipande kutoka nje akakiunga, na atakuwa amefundishwa historia isiyokuwapo.

Kiswahili kina uwezo wa kutofautisha. Kitenzi shika hutoa mshiko, ambalo ni neno la tendo au namna ya kushika. Na kwa kupitia kauli ya kutendea, shikia, hutoa kishikio, yaani mahali au kitu cha kushikia, kama vile lalia lilivyotoa kilalio na fungia lilivyotoa kifungio. Kishikio halisemi kama sehemu hiyo iliachwa au iliongezwa, na kwa hiyo lafaa kuwa jina la jumla. Pale inapotakiwa kueleza kipande chenyewe kabla na baada ya kugandishwa, pande la kishikio linatosha, nalo ni neno ambalo seremala wa Bungoma atalielewa bila ya kufundishwa. Mshiko libaki kwa namna mkono unavyokaa. Mpini libaki kwa jembe, shoka na kisu.

Neno moja la uta linaweza kuonekana dogo, lakini ufundi wa namna hii hufa kwa kupoteza vitenzi vyake kabla ya kupoteza vyombo vyake. Jumba la makumbusho la Kitale, ambalo chimbuko lake ni mkusanyiko wa mlowezi H. F. Stoneham na ambalo lilifunguliwa kwa umma kama jumba la taifa mwaka 1974, ni mahali ambapo vyombo vya watu wa magharibi ya Kenya vimehifadhiwa. Chombo kilichotundikwa ukutani hakisemi kilichaguliwa katika mti upi, fundo lake liliwekwa wapi, wala kilipimwa kwa mkono wa nani. Mambo hayo yamo vinywani mwa wazee wa Elgon, Cherangany na nyanda za Bungoma, kila mmoja kwa lugha yake.

Kazi inayozingoja idara za lugha ni kuyakusanya maneno hayo kwa Kibukusu, Kisabaoti, Kipokoti na Kisengwer kabla ya kuyatungia mbadala kwa Kiswahili. Mkusanyaji asianze kwa kuuliza jina la sehemu hii na ile, kwa kuwa jina huweza kuazimwa. Aulize fundi alifanya nini katikati ya mti, na alisikilize kwanza tendo atakalolitaja.